Mita Nne za Kitambaa Cheusi

Fomu ina mistari mitatu:
chaguo la kwanza, la pili, la tatu.
Sekretari wa chuo ameniambia nitumie stilo ya buluu.
"Penseli ni ya watu wasiojijua."
Nimenunua stilo pale Nyawera, franka mia tano,
nikakaa kwenye ngazi, fomu magotini.
Kujijua hakukuwa kwenye meza ya muuzaji.

Ntakwinja amekwisha jaza yake.
Alijaza amesimama, fomu kaiegemeza mgongoni mwangu,
nikasikia fakulte yake ikiandikwa kwenye uti wangu
herufi kwa herufi.
Nadhani ilikuwa famasi.

Baba ni fundi cherehani, Kadutu.
Hushona toga za mawakili,
hupiga pasi zile kola nyeupe
kama anayempangusa mtoto uso.
Ndani ya sanduku, chini ya kitanda,
mna mita nne za kitambaa cheusi
alichokinunua mwaka nilipomaliza darasa la sita.
Hajawahi kunionyesha.
Ila Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi
hukianika uani, nondo wasije wakakila,
nami hujifanya naosha vyombo.

Mjomba Cirhuza ana lisansi ya uchumi.
Anauza yuniti za simu
na chenji yake haijawahi kupungua hata franka.
"Soma chochote, ila usisome kama mimi."
Alisomaje, hasemi.

Mama mdogo anataka niwe daktari.
"Wagonjwa hawaishi," asema,
na mpaka leo sijui
ni neno lipi, kati ya yale mawili, amelitamka.

Mimi ninachokijua ni ufa.
Uko ukutani, nyuma ya kabati,
tangu mvua ile iliyoteremsha nyumba ya kina Zihalirwa
na sufuria zao zikiwa bado mekoni.
Nilikuwa na miaka tisa. Nilichukua utepe wa baba,
nikapima, nikaandika kwa penseli:
Novemba, milimita nne.
Tangu siku hiyo sijaacha.
Najua huenda mbio mwezi wa kumi na moja,
na Juni husimama, kama mtu aliyebana pumzi.
Najua hauko peke yake:
uko kwa jirani wa chini, uko kwenye sakafu ya kanisa,
na ukiunganisha vyote ni mstari mmoja
unaoteremka mpaka mtoni.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, husema baba,
na huziba kweli, kila mwaka, kwa saruji ya mkopo,
akafukia na tarehe zangu.
Naziandika upya.

Lakini hiyo ni fakulte?
Niandike nini: nataka kujua kwa nini mlima unatembea?
Na nikishajua, nani atanilipa
niwaambie watu wahame, nao hawana pa kuhamia?
Na kama si kipaji?
Kama ni woga tu wa mtoto
aliyelazwa upande wa ukutani?

Saa sita wamefunga. Jumatatu ndiyo mwisho.
Nimefika nyumbani, kitambaa kiko kwenye kamba,
na mvua inakuja toka ziwani, naisikia kwenye mabati ya chini.
Safari hii sikushika vyombo.
Nilikivuta, nikakikumbatia, kizito kuliko nilivyodhani.
Baba alikuwa mlangoni.
"Umeandika?"
"Bado."
Akashika ncha mbili, nami mbili,
tukakunja, tukasogeleana, tukakunja tena,
mpaka vidole vyake vikagusa vyangu
akakichukua.

Baadaye nikasogeza kabati.
Sikumwita. Alikuja mwenyewe na tochi ya simu,
akamulika, kimya, mahali penyewe hasa,
kama mtu aliyekuwa akipajua siku zote.

Oktoba, milimita kumi na moja.

Stilo ya buluu inaandika vizuri kwenye saruji.
Kwenye karatasi sijajaribu.